Kipaji cha Marehemu Penitala

Fuatino alipomkunjia uso mchungaji katikati ya sala, bibi yake alimshukuru Mungu. Hakumshukuru kwa sauti, maana alikuwa safu ya pili, kofia ya ukili kichwani na gauni jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, lakini alimshukuru. Miaka sita tangu mumewe azikwe, Temukisa alikuwa akingoja kuona nani kati ya wajukuu kumi na mmoja atarithi kipaji cha babu. Alikuwa ameanza kukata tamaa. Wengine wote walirithi pua tu.

Marehemu Penitala alikuwa mchekeshaji, na si wa hivihivi. Kisiwa kizima cha Savai'i, huko Samoa, kilimjua. Vijiji vikikutana kwenye sherehe, yeye ndiye aliyevaa gauni, akapachika vifuu viwili kifuani, akawaiga machifu mbele ya macho yao wenyewe, na machifu wakameza. Desturi ilimkinga. Anayechekesha pale si mtu, ni mzimu unaosema kwa kinywa chake, na mzimu hautozwi faini.

Basi mtoto wa miaka tisa alipotoa ulimi, akaurudisha, akainua nyusi, akatikisa bega moja kama anayefukuza inzi, watoto wenzake walibana vicheko hadi machozi yakawatoka. Mareta, mke wa mchungaji, aligeuza shingo polepole. Hakumtazama mtoto. Alimtazama Temukisa.

"Mama, huyu mtoto hayuko sawa," alinong'ona Aperila, mke wa mwanawe na mama wa Fuatino.

"Yuko sawasawa kabisa. Hiyo ni damu ya mkweo. Kaa kimya uone kazi."

Aperila alikaa kimya. Alikuwa mke aliyeletwa, na katika nyumba zao mke aliyeletwa hula mwisho na husema mwisho. Mumewe, Ioane, alikuwa New Zealand akichuma tufaha, na huko alikokuwa alijua habari za nyumbani kwa simu ya Jumapili, ambayo mama yake ndiye aliyeishika.

Lakini kukaa kimya si kufumba macho. Aperila aliona vikombe vitatu vya kakao vikiponyoka katika juma moja. Aliona mtoto akishindwa kufunga kifungo. Aliona jinsi alivyozipanga ndara za watu wote ngazini, akazipanga tena, akazipanga tena, na mtu akivaa zake akaondoka, akaangua kilio kana kwamba kafiwa. Kisha ikaja barua ya mwalimu: Fuatino anaandika kwa dharau. Daftari lilikuwa limeambatanishwa, na kwa kweli ulikuwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino.

"Anajifunza," alisema Temukisa. "Penitala alivunja vikombe ishirini kabla hajajua kumwigiza mlevi."

"Anavunja halafu analia, mama."

"Mlevi naye hulia."

"Na ile homa ya mwezi wa pili? Alipoumwa koo? Nesi alisema tumpeleke."

"Nikampa majani ya mchungwa akapona. Mtu aliyepona anapelekwa hospitali kufanya nini, kuaga?"

Jumatatu Aperila alisema anakwenda dukani kununua sabuni, akamchukua mtoto, akapanda naye basi hadi hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa kijana, ndio kwanza kaletwa, na foleni ilifika barabarani. Alimtazama Fuatino akijipindapinda kwenye kiti.

"Baba yake yuko wapi?"

"New Zealand, kwenye tufaha."

"Basi, ndiyo hiyo. Anamkosa baba, anatafuta kuangaliwa. Msimwangalie, ataacha mwenyewe. Anayefuata."

Dereva wa basi alikuwa binamu wa Temukisa. Aperila alifika nyumbani akiwa na mtoto na bila sabuni, akamkuta mama mkwe ameshaketi mkekani, anajipepea, habari nzima ameipata.

"Unaona?" alisema Temukisa, wala hakukasirika, alikuwa na raha ya mtu aliyeshinda kesi. "Hata daktari kasema ni maigizo. Sasa mtoto anatafuta watazamaji, na sisi tunao tele. Tutamnyima?"

⁂

Nusu ya paa la kanisa ilikuwa imeondoka na kimbunga, na ile iliyobaki ilikuwa ikifikiria kuifuata. Vijiji vitatu vya jirani vilialikwa kuja kutazama ngoma na kuchangia. Kila ngoma ya kwao ina kitovu chake: binti wa chifu katikati, kilemba cha manyoya kichwani, mikono ikielea taratibu, magoti pamoja, uso umetulia. Pembeni yake huruka wachekeshaji, wanaume na wanawake wanaojitupa chini, wanaojikunja, wanaojifanya vibaya ili yeye aonekane mzuri zaidi. Kadiri wale wanavyotisha, ndivyo huyu anavyopendeza, na noti humwagika.

Temukisa alimpaka mjukuu wake mafuta, akamfunga majani kiunoni, akamsukuma uwanjani.

Uwanja ulipasuka. Mikono ya Fuatino iliruka huku na kule, kila mmoja na njia yake. Mguu ulipiga teke hewani bila kushauriana na mwenziwe. Ulimi ndani, ulimi nje. Wazee waliomkumbuka Penitala walipiga mapaja na kulia kwa kicheko. "Karudi! Karudi mwenyewe!" Noti za tala, fedha ya kwao, zilirushwa miguuni pake, na hata Mareta, ambaye tangu ile sala alikuwa hamsalimii mtu wa nyumba ile, aliinuka na kofia yake pana, akacheza hatua tatu za heshima, akadondosha noti ya hamsini. Temukisa alijiona kama yeye ndiye paa jipya.

Ngoma ikaisha. Binti wa chifu akainama, akatoka. Fuatino hakuisha.

Alisimama peke yake katikati, mikono inakwenda, macho yanatafuta. Watu wakacheka zaidi, maana hicho ndicho kilichokuwa kipande maarufu cha Penitala, mtu asiyejua kwamba ngoma imekwisha. Temukisa naye alikuwa akicheka, na kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake mtoto alipomwona na kunyoosha ile mikono isiyotulia.

"Bibi, nishike."

Aliingia uwanjani, akamshika mikono yote miwili. Mikono ikaendelea kucheza ndani ya viganja vyake. Akaibana zaidi, akiwa mwanamke aliyetwanga na kubeba maisha yake yote, na bado ikacheza, ikamtikisa na yeye mabega. Uwanja ukaangua kicheko kipya: bibi na mjukuu! Mtu akarusha noti ikamgonga Temukisa shavuni.

"Bibi, mimi sichezi," alisema Fuatino, na maneno yalitoka mazito, yamekatikakatika. "Inacheza yenyewe. Waambie wasicheke."

Miaka thelathini na nane Temukisa aliishi na mtu aliyechekwa kwa hiari yake. Hakujua, hadi saa ile, ladha ya kuchekwa wakati hufanyi mzaha. Alifungua mdomo kuwaambia, na sura aliyoifanya ilikuwa ya Penitala mtupu, wakazidi kucheka. Aliyewatoa pale ni Aperila. Alikuja kutoka jikoni na majivu mikononi, akamfunika mtoto kwa kanga yake, akampita mama mkwe bila neno na bila kuinama kama ilivyompasa. Hakuna aliyemkemea.

⁂

Siku ya pili, mchana, Fuatino alilala. Temukisa aliketi kando yake akipepea inzi, akaona jambo ambalo kumbe Aperila alikuwa akiliona kila siku. Mikono ilikuwa imelala pia. Uso ulikuwa uso wa mtoto. Hakuna kilichotikisika ila mbavu.

Hilo lilimtia baridi. Penitala alichekesha hata usingizini. Mara moja alihutubia kikao kizima cha machifu huku anakoroma. Kipaji hakilali. Kinacholala na kuamka na mtu ni kitu kingine.

"Twende kwa Lili'a," alimwambia Aperila. "Kama ni mzimu wa babu yake umemkalia, Lili'a atauzungumzisha. Tutaomba radhi, utaondoka."

Lili'a alikuwa mkandaji mwenye mikono kama makasia. Aliwahi kuirudisha mifupa ya nusu ya kijiji mahali pake na kuipatanisha nusu nyingine na wafu wao. Alimpaka Fuatino mafuta ya nazi, akamkanda shingo, akamkanda mgongo, akasikiliza kwa vidole. Halafu akajifuta mikono.

"Huyu siye Penitala."

"Una hakika?" aliuliza Temukisa. "Angalia vizuri."

"Dada yangu, nilimjua mumeo. Alikuwa mvivu kuliko watu wote niliowahi kuwakanda. Achekeshe kutwa nzima, tena bila kulipwa chakula? Hata akiwa mzimu hawezi." Akamfunga mtoto majani. "Haya ni maradhi ya hospitali. Mimi mikono yangu inajua mpaka wake. Mpelekeni, na msirudishwe mlangoni."

Temukisa hakumtazama Aperila njia nzima. Walipofika barabarani alisema, kama anayezungumza na nguzo ya simu, "Na ile sabuni tutanunua tukirudi." Kwa mwanamke kama yule, hiyo ilikuwa toba.

⁂

Daktari kijana alikuwepo, na alimkumbuka Fuatino. "Nilisema msimwangalie," alisema.

"Tumejaribu," alisema Temukisa. "Kijiji kizima na vijiji vitatu vya jirani vimeshindwa."

Aliwaandikia vitamini. Walikuwa wameshafika mlangoni, mtoto katikati, kila mmoja amemshika mkono, nesi Ruta alipowapita na sinia ya sindano. Nesi Ruta alikuwa pale tangu hospitali ina taa za mafuta, na alitembea kwa kuburuza ndara kama mtu aliyewaona madaktari vijana wengi wakija na kuondoka. Aliutazama mkono wa mtoto ndani ya mkono wa bibi. Akaweka sinia chini.

"Njoo, mrembo. Nibane vidole viwili hivi. Nguvu zote, usiachie."

Fuatino alibana, akalegeza, akabana, akalegeza.

"Anakama ng'ombe," alisema nesi Ruta.

"Hatuna ng'ombe wa maziwa," alisema Temukisa.

"Toa ulimi, mwanangu. Uache nje mpaka nihesabu kumi."

Ulimi ulitoka. Nesi alisema moja, ukarudi ndani. Ukatoka tena, ukachomoka, ukajificha. Fuatino alijitahidi mpaka machozi yakamlengalenga. Temukisa, kwa kumsaidia, alitoa wake ili amwoneshe, akakaa nao nje katikati ya korido, na watu wa foleni wakatazama.

"Wewe rudisha, bibi, wako ni mzima. Huyu aliumwa koo, miezi miwili mitatu iliyopita?"

Korido ilikuwa na watu wengi na wote walikuwa hawana kazi nyingine ila kusikiliza. Aperila aliinamisha macho. Alikuwa na haki ya kusema, na alimwachia mama mkwe.

"Aliumwa," alisema Temukisa. "Mama yake alitaka kumleta. Mimi nilikataa. Nilimpa majani ya mchungwa."

"Majani hutuliza koo. Mdudu wa koo hayajali." Nesi Ruta alisema bila ukali, na hilo lilimuuma Temukisa zaidi. "Mwili ulipigana na yule mdudu, ukakosea adui, ukajipiga wenyewe kichwani. Ndiyo maana viungo vinacheza, ndiyo maana analia, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Hana jeuri wala hana pepo. Kuchezacheza kutaisha, kwa miezi. Ninachokiogopa ni kingine. Ugonjwa huu hupenda kupitia moyoni."

Alimshika daktari kijana mkono wa shati, akamwambia, kwa adabu ya kutisha, "Daktari, bila shaka ulikuwa karibu kuwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, Apia." Daktari alimtazama mtoto, mara hii kwa muda mrefu, masikio yakamwiva. Akaandika.

⁂

Walivuka kwa meli kwenda Apia, mji mkuu, Alhamisi. Katika chumba chenye giza cha hospitali kubwa ya Apia, moyo wa Fuatino ulionekana kwenye kioo cha mashine, ukifunga na kufungua mlango wake mdogo. Mlango ulikuwa haufungi vizuri. Ulivuja kidogo. Mpimaji alisema kidogo mara tatu, na Temukisa alilisikia neno kuvuja kila mara. Alikumbuka mguu ule ukipiga teke uwanjani, moyo huo ndani yake, na yeye pembeni anapiga makofi. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali akalia. Aperila alikuja akaketi kando yake, akampa nusu ya mkate wenye nyama ya kopo.

"Nimemchezesha mgonjwa, Aperila."

"Ndiyo, mama."

"Ungeweza kusema hapana, kidogo."

"Kula, mama."

Dawa ilikuwa sindano ya penisilini, makalioni, kila baada ya wiki nne, mpaka atimize miaka ishirini na moja. Asikose hata moja, maana koo likirudi, mlango ule utavunjika. Kwenye meli ya kurudi Temukisa alihesabu kwa vidole, akamaliza vya mikono, akaazima vya Aperila, na bado sindano zilibaki. Umri aliokuwa nao, asingefika mwisho wa hesabu ile. Atakayefika ni Aperila. Jumapili, simu ya Ioane ilipolia, Temukisa aliitazama, akampa mkwewe.

"Sema wewe," alisema. "Mimi nikisimulia nitaweka chumvi."

⁂

Kamati ya wanawake ndiyo iliyokagua vyoo, mikeka na afya ya kijiji, na mwenyekiti wake alikuwa Mareta. Temukisa aliomba nafasi, akasimama.

"Mjukuu wangu hakuwa na kipaji," alisema. "Alikuwa mgonjwa. Nilimpeleka uwanjani akiwa mgonjwa, na nyie mkacheka, na mimi nikacheka kuliko nyote."

Wakacheka. Mjane wa Penitala kasimama na uso mkavu hivyo, ni nini kama si mzaha? Mwanamke mmoja alilala kabisa juu ya mkeka.

"Sifanyi mzaha."

Wakazidi. Hapo Temukisa alielewa adhabu aliyopangiwa: kusema kweli maisha yaliyobaki, na kuchekwa. Lakini hakuwa ameishi bure na mchekeshaji. Penitala alikuwa akisema watu wanaocheka midomo iko wazi, tia unachotaka.

"Haya, chekeni. Sasa toeni ndimi. Wote. Ziacheni nje nihesabu kumi."

Walitoa, wakidhani ndio mwanzo wa mchezo. Wanawake thelathini, na Mareta pia, maana mwenyekiti hawezi kubaki nyuma. Temukisa alihesabu polepole. Akiwa kwenye saba mchungaji aliingia kufunga kikao kwa sala, akakuta kamati nzima inamtolea ulimi, mkewe katikati. Alisimama. Akatoka tena.

"Kumi. Rudisheni. Fuatino alishindwa hata moja," alisema Temukisa, na safari hii hapakuwa na kicheko. "Mwenye mtoto anayeumwa koo asimpe majani akaishia hapo. Ampeleke kwa nesi Ruta siku hiyohiyo. Na mwenye mtoto anayevunja vikombe akilia, asiniite nimpongeze."

Mareta alipanga kofia yake. "Mimi nilijua tangu siku ile ya sala," alisema, ulimi wake ukiwa ndio kwanza umerudi. "Nilisema huyu mtoto ana pepo. Tulimwombea." Na kuanzia siku hiyo, kila alipokutana na Fuatino njiani, alimwekea mkono kichwani, akafumba macho, akaliombea pepo litoke, mbele ya watu.

⁂

Jumapili ya Watoto huangukia mwezi wa kumi. Siku hiyo watoto huvaa nyeupe, husoma aya zao mbele ya kanisa, na baadaye hula kwanza huku wakubwa wakiwahudumia. Fuatino alikuwa ameshachomwa sindano tano. Ya kwanza alimng'ata nesi. Ya tano alijipandia kitandani mwenyewe, akamwuliza bibi kama angependa kuchomwa na yeye. Vikombe vilikuwa vimekoma kuvunjika. Ndara bado alizipanga, lakini mara moja tu. Ila ulimi, nyumbani, hakuna aliyethubutu kumwambia autoe. Temukisa aliogopa kuuona ukirudi.

Paa lilikuwa jipya. Temukisa alilitazama kidogo, akaacha.

Fuatino alisimama mbele, gauni jeupe, mikono ubavuni. Kidole kimoja kilitikisika, kikatulia. Alisoma aya yake yote, neno kwa neno, bila kipaji chochote. Ilikuwa inachosha kama aya ya mtoto mwingine yeyote. Aperila alijifunika uso kwa kitambaa, na Temukisa, aliyezoea kukaa mbali na mkwewe kwa upana wa mtu mmoja, alisogea.

Mareta alisimama kwenye safu ya kwanza, akamfuata mtoto pale mbele, akamwekea mkono kichwani. "Tumshukuru Bwana," alilitangazia kanisa, "pepo limemtoka."

Fuatino alimtazama kutoka chini ya ule mkono. Kisha akamtolea ulimi.

Kanisa liliganda. Aperila akanyanyuka nusu. Temukisa alimshika mkono akamketisha, na midomo yake ikaanza kwenda. Moja. Mbili. Ulimi ulikuwa nje, mwekundu, umetulia kama samaki juu ya sinia. Tatu. Nne. Mtoto hakumwangalia tena Mareta. Alikuwa akimwangalia bibi yake. Sita. Mchungaji alikohoa. Saba. Nane. Hesabu ilikuwa imeshamtoka Temukisa kwa sauti, na kutoka nyuma, kwenye viti vya kamati, wanawake wawili watatu waliipokea. Tisa.

"Kumi," alisema Temukisa, machozi yakimwingia mdomoni. "Rudisha sasa, mwanangu. Halafu muombe mama mchungaji radhi."